Kuanza kuuza vitenge Kampala ukitoka Kongo

Nilitoka Bukavu na binti zangu wawili, nikapanga chumba Nsambya. Sasa nauza vitenge, na kila dada anayefika ananiuliza nilianzaje.

Kwanza karatasi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inakuruhusu kufanya kazi, kwa hiyo jiandikishe Ofisi ya Waziri Mkuu upate kitambulisho. Usitembeze mali bila leseni ya jiji. Mimi nilinyang'anywa vipande vinne barabarani, mtaji wote ukaenda.

Usinunue robota. Chukua vipande vitatu vya yadi sita kwa mwenye duka anayekuamini, uuze, umlipe jioni ileile. Kitenge kilichokunjwa hakiiti mteja: kivae wewe mwenyewe, na kilemba juu, wakione kikiwa mwilini. Jifunze Kiganda cha kuhesabu na kusalimia kabla ya kitu kingine chochote. Ukianza na “Wasuze otya, nnyabo?”, yaani “Umeamkaje, mama?”, bei mtaelewana.

Faida isilale chini ya godoro. Sisi tuko kumi kwenye likelemba, mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu: kila Jumamosi mmoja anapokea. Zamu yangu ndiyo iliyoninunulia cherehani. Tafuta fundi wa hapahapa. Wangu ni Mganda, anamsomesha mwanawe kwa mishono ya wateja wangu. Nyuzi na zipu tunanunua soko la Owino, kodi namlipa mwenye nyumba Mganda. Akija mtu kusema tumekuja kula jasho la wenyeji, mfungulie daftari la hesabu. Kwa hiyo liandike kila siku, hata siku ambayo hukuuza kitu.