Namna ya kupaka dhoruba ya baharini kwa staili ya Turner

Ukitaka dhoruba yako itishe kweli, achana kwanza na zile radi kila kona, zinachosha. Icheki ile picha ya mchoraji Turner wa Uingereza ya 1842, meli ya mvuke kwenye dhoruba ya theluji: mawingu, moshi na mawimbi vyote vinazunguka, meli yenyewe ipo katikati, ndogo, karibu huioni.

Basi paka kijivu cha kahawia nyepesi turubai nzima ya kuchorea, zungusha brashi pana rangi ikiwa bado mbichi, na mstari wa upeo, pale bahari inapokutana na anga, uinamishe kidogo maana ukinyooka bahari inatulia. Mwanga weka sehemu moja tu, nyeupe nzito kwa kisu cha kupakia rangi, halafu usiuguse tena jamani, ukisugua unakuwa tope. Meli mwishoni, mlingoti mmoja mwembamba unatosha.