GIMP kwa anayeanza: kabla hujaifuta kwa hasira, soma hapa

Aisee mimi GIMP, programu ya kuhariri picha, niliifuta kwenye laptopu mara mbili kabla hatujaelewana. Mara ya kwanza haikumaliza hata nusu saa. Nilikuwa nimeanza kumsaidia shemeji kwenye steshenari yake, kazi zenyewe ndo hizi za kila siku, fotokopi, kuprinti barua, picha za pasipoti, na ile programu ya magumashi aliyowekewa na fundi ikagoma kufunguka asubuhi moja wateja wamejaa. Jamaa akaniambia danlodi GIMP, ni bure na ni halali, ipo tangu miaka ya 1990 huko, walianza nayo wanafunzi wawili wa Berkeley, Marekani. Sawa, nikadanlodi, nikafungua, nikagusa sijui nini, zana zote zikapotea kwenye skrini. Nikaifuta.

Kumbe nilibonyeza Tab. Hiyo tu. Tab inaficha paneli zote za pembeni, ukibonyeza tena zinarudi. Na kama kilichopotea ni kile kisehemu cha kubadilisha ukubwa wa brashi na mengine, nenda menyu ya Windows, halafu Dockable Dialogs, halafu Tool Options. Kitu kingine, usishangae kuona aikoni chache, zana zimelundikwa kwa makundi, bonyeza aikoni kwa kitufe cha kulia cha mausi utaona wenzake waliojificha nyuma.

Sasa tuje kwenye ugonjwa mkubwa, ule wa "brashi haichori". Unachagua rangi, unachagua brashi, unapaka weee, hakuna kitu, unadhani laptopu imeganda. Mimi siku ya kwanza kunitokea kulikuwa na mzee amekaa kwenye benchi anasubiri picha nne bakigraundi ya bluu, ananiangalia, mi natoka jasho. Siku hizi nikikwama hivyo najiuliza mambo matatu kabla sijagusa kingine chochote.

La kwanza, niko leya gani? Leya ni kama karatasi za plastiki zilizopangwa moja juu ya nyingine, na brashi inapaka ile uliyoichagua tu kwenye orodha, kwa hiyo kama umechagua ya chini na ya juu imeifunika, unapaka kweli ila huoni. La pili, kuna selekshoni, yaani eneo ulilolichagua, imebaki mahali? Angalia kama kuna vimistari vinatembea kama siafu, maana vikiwepo huwezi kupaka nje ya hapo, na wakati mwingine vipo kwenye kona huvioni kabisa kwa sababu umezumu. Ctrl+Shift+A inafuta selekshoni yote. Hii peke yake imeniokoa mara nyingi kuliko kitu chochote. La tatu, kama leya ina maski, yaani kifuniko cha kuficha sehemu ya leya bila kuifuta, je kwenye orodha ya leya umebonyeza kipicha cha picha au kipicha cha maski? Maana unaweza kudhani unapaka picha kumbe unapaka maski.

Yule mzee nilimkata sikio. Nilitumia kifutio kuondoa ukuta wa nyuma, mkono ukateleza, sikio la kushoto likaenda, na mimi sikuona mpaka nimeshafunga faili. Alirudi kukaa mbele ya kamera na hakusema kitu, ila alinitazama. Ndo maana nasema picha ya pasipoti usitumie kifutio, tumia maski, na inakwenda hivi.

Fungua picha, chukua zana ya kukata (Shift+C), kwenye Tool Options weka tiki kwenye Fixed, chagua Aspect ratio, andika 35:45, kata kichwa na mabega. Hiyo ni milimita 35 kwa 45, ila ofisi nyingine wanataka saizi nyingine kwa hiyo muulize mteja maelekezo yake yanasemaje. Tengeneza leya mpya, ijaze bluu, iburute iwe chini ya picha. Rudi kwenye leya ya picha, bonyeza F upate zana ya kuchagua kwa mkono, zunguka mtu kwa vidoti vidogo vidogo, ukifika ulikoanzia bonyeza Enter. Menyu ya Select, Feather, weka pikseli 2 hivi ili ukingo usiwe kama umekatwa na wembe. Halafu bonyeza leya kwa kitufe cha kulia, Add Layer Mask, chagua Selection. Ukuta unatoweka, bluu inatokea. Futa selekshoni kwa Ctrl+Shift+A, la sivyo brashi haitafika nje yake. Ukiwa umebonyeza kipicha cha maski, brashi nyeusi inaficha na nyeupe inarudisha, kwa hiyo ukikata sikio unapaka nyeupe linarudi lilivyokuwa, mtu hajui kama liliwahi kuondoka.

Mwenye ushungi au kipara humalizi dakika tano. Afro na nywele za kusuka zilizoachwa ncha ndo kazi, hapo brashi iwe laini na ndogo na uwe na subira, au bora zaidi umsimamishe mteja mbele ya ukuta mweupe msafi, asiuegemee, asogee mbele kama hatua mbili kivuli kisimfuate. Ukuta mzuri unapunguza kazi kuliko zana yoyote. Na wale wanaosema "ning'arishe kidogo", ng'arisha mwanga wa picha, usimng'arishe mtu mpaka askari wa mpakani asimtambue.

Ukimaliza, Image, Scale Image, weka pikseli 413 kwa 531 na resolution 300 (pikseli kwa inchi), hiyo ndo inatoa 35 kwa 45 kwenye karatasi. Kama picha imekuja ndogo kuliko hapo usiivute, itatoka na ukungu, mwambie aitume WhatsApp kama dokumenti maana ikitumwa kama picha ya kawaida inabanwa.

Kuzipanga kwenye karatasi ya sentimita 10 kwa 15 zinaingia nane, nne juu nne chini. Hapa kuna mtego. Ukifanya Ctrl+C ya kawaida unakopi leya moja, ukibandika anakuja mtu bila bluu yake. Tumia Ctrl+Shift+C, inakopi unachokiona chote. Na kama una toleo la 2.10, ukibandika inakuja kitu kinaitwa floating selection, kipande kinachoelea ambacho bado si leya, na hapo kila kitu kinagoma mpaka uibandike kabisa kwa Ctrl+H au uifanye leya kwa Ctrl+Shift+N. Toleo la 3.0 lililotoka 2025 ukibandika inakuwa leya yenyewe, raha.

Kusevu nako. Mara ya pili niliifuta kwa sababu ya hili. Dada mmoja nilimtumia kadi yake ya sendofu usiku, ananipigia haifunguki kwenye simu, namtumia tena haifunguki. Nilikuwa namtumia XCF. Ctrl+S inasevu XCF tu, ambayo ni faili la kazi lenye leya zote, mteja hana cha kulifanyia. Ya mteja unatoa kwa Ctrl+Shift+E, unaandika mwenyewe jina linaloisha na .jpg au .png. Kama kuna sehemu inatakiwa iwe wazi, mfano logo, iwe .png, maana JPG haijui uwazi, inakujazia rangi. Na ukitaka kufunga itakuuliza kuhusu kusevu hata kama umeshatoa JPG, usiikatalie haraka, sevu na XCF, dada huyohuyo kesho atasema tarehe ya ukumbi imebadilika.

Kwenye kuprinti zima kile kitu cha kutanua picha ijae ukurasa, weka asilimia 100. Shemeji anaweka rula ya plastiki pale kaunta, tunapima picha moja kwanza, ikisoma milimita 35 ndo mkasi unashika zilizobaki.