Kuchagua lori lililotumika la kujengea boksi la kulalia porini: hatua kwa hatua, kwa mnunuzi wa Mombasa

Mwongozo huu ni wa anayetaka kununua lori la kabini bapa, lile ambalo dereva anakalia injini, alijengee boksi la kulala na kupika, kisha aingie nalo Tsavo, Galana au mchanga wa kuelekea Lamu. Faida ya lori la namna hii ni nafasi. Likiwa na urefu wa mita 6, kabini inakula chini ya mita 2 na zilizobaki ni zako. Lenye pua halikupi hata mita 3 na nusu.

Wanunuzi wengi hufungua kwanza injini, wakaisikiliza, wakaipenda, wakalipa. Injini ya Canter (ya Mitsubishi) au NPR (ya Isuzu) unaweza kuipata nyingine Changamwe na ukaipandisha kwa siku mbili. Chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba lori zima, ikioza huibadilishi. Kwa hiyo hatua ya 4 ndiyo ndefu kuliko zote hapa, na ndiyo ya kufanya bila haraka.

Beba tochi kali, nyundo ndogo, bisibisi bapa, futi ya mita 5, timazi, chaki, kamba ya uashi na nguo za kulala chini ya gari.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya uzito kabla ya kuona lori lolote

Watu wawili, kilo 160. Maji lita 200, kilo 200. Dizeli lita 150, kama kilo 126. Friji, betri, sola, jiko na gesi, 200. Chakula, nguo na vyombo, 150. Zana, jeki, tairi la spea na mbao za kujikwamulia, 150. Boksi lenyewe, likijengwa kwa fremu ya chuma na mafundi wetu, halishuki kilo 1,300 kwa urahisi. Jumla inakaribia kilo 2,300, na boksi likimalizika huwa zito kuliko lilivyoandikwa kwenye karatasi, kwa hiyo weka 2,500.

Porini usilipakie lori hadi mwisho wa uwezo wake, acha robo. Hapo unatafuta lori linaloweza kubeba tani 3.3 juu ya chesi tupu. Yale madogo ya tani mbili yanatoka kwenye orodha hata kama bei yake inavutia.

Hatua ya 2: Soma herufi

Kwa Isuzu, tazama herufi ya tatu: NPR na NKR husukuma kwa nyuma tu, NPS ni fobaifo, yaani husukuma kwa magurudumu yote manne. Vivyo hivyo kwa ukubwa wa juu, FTS ni fobaifo. Kwa Canter, FE ni ya kawaida, FG ni fobaifo. Muuzaji akisema "ni fobaifo" na kibati cha kiwandani chenye herufi hizo kinasema FE, ama ekseli ya mbele imepandikizwa, ama anakudanganya. Vyote viwili ni sababu ya kuondoka.

Kuhusu injini nina msimamo: kwa porini chukua ya pampu ya kawaida, isiyo na kompyuta. Kwa Isuzu ni 4HF1 au 4HG1, kwa Canter ni 4D33. Noza zikiharibika Garsen au Voi, yupo wa kuzifungua. Lakini jua kwamba injini hizo utazipata kwenye malori yaliyokwishakuwepo nchini, si ya kuagiza. Kiwango cha Kenya cha KS 1515 hakiruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na malori ya Japani ya umri huo yote yana mfumo wa umeme na kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Vichujio hivyo viliundwa kwa dizeli ya Japani yenye salfa isiyozidi 10 ppm. Yetu, kwa kiwango cha 2015, iliruhusiwa hadi 50. Ukijumlisha na mwendo wa polepole wa porini, kichujio kinaziba na lori linajipunguzia nguvu mahali usipotaka.

Giaboksi iwe ya mkono. Canter zenye klachi mbili za kujiendesha, na Isuzu zenye gia za kujibadilisha, waachie wanaosambaza mikate mjini.

Usiidharau NPR ya kawaida. Ukiwa na tairi nzuri, upepo uliopunguzwa na koleo, inafika sehemu nyingi za Tsavo wakati wa kiangazi. Canter nazo zina faida ya nyumbani: nyingi zimeunganishwa hapa hapa Mombasa, kwenye kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, na spea zake zimejaa kila duka.

Hatua ya 3: Karatasi

Fanya utafutaji wa umiliki kwa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen kabla ya kulipa chochote. Linganisha nambari ya chesi na ile iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, si kwenye kibati peke yake. Angalia kama benki imo kwenye umiliki. Kubadilisha aina ya bodi kwenye logbuku kunahitaji ukaguzi na idhini, kwa hiyo ulizia kabla fundi hajawasha mashine ya kuchomelea.

Hatua ya 4: Chesi

Lori lioshwe kwanza kwa mashine ya presha, chini kote. Muuzaji akikataa, hapo umeshajibiwa. Na ukikuta chesi ya lori la miaka kumi imepakwa rangi nyeusi juzi, usifurahi. Rangi mpya huficha vitu vitatu: kutu, ufa na maungio.

Anza na kutu, na uulize lilikotoka. Fobaifo nyingi za Japani zilinunuliwa na watu wa sehemu za theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi kila majira ya baridi. Kwa hiyo fobaifo inaweza kuwa na kilomita chache na chesi mbovu kuliko ya NPR iliyobeba kokoto Kenya nzima. Kwa malori ya huku kwetu, uliza kama liliwahi kubeba chumvi ya Gongoni au samaki. Lililobeba chumvi usilinunue kwa bei yoyote. Chumvi huingia ndani ya chuma cha chesi, hunyonya unyevu wa bahari usiku na kuendelea kula hata likiwa limeegeshwa.

Gonga kwa nyundo kuanzia mbele hadi nyuma, pande zote mbili, kila upana wa kiganja. Chuma kizima hulia. Kilichooza huitika kwa sauti ya mbao, na maganda huanguka. Sehemu za kukaza macho ni hizi:

Juu ya chesi, chini ya mbao za bodi. Mbao zile hukaa na maji mwaka mzima, na chuma huliwa mahali ambapo huwezi kukiona bodi ikiwa imekaa. Ingiza bisibisi kwenye mwanya, kwangua, tazama kinachotoka. Unga mwekundu si tatizo. Vipande bapa kama maganda ya kitunguu ni tatizo kubwa.

Pale bati la kuongeza nguvu lilipolazwa ndani ya bati la chesi. Kutu ikiingia katikati huvimba na kuyasukuma mabati mawili yaachane. Weka ncha ya bisibisi kwenye ukingo: mwanya ukipokea ncha hiyo, au riveti zikiwa zimezama huku bati limetokeza kati yake, lori hilo si lako. Hakuna dawa. Kupiga mchanga na kupaka rangi hakufiki katikati ya mabati.

Nyuma ya vishikio vya springi za nyuma, ambako matope hukaa. Na chini ya kisanduku cha betri, ambako asidi imedondoka miaka yote.

Kama una kaliba, pima unene wa bati mahali pazima na mahali pabaya zaidi. Bati la milimita 6 likiwa limepoteza milimita 1 sehemu moja, bei ishuke. Likipoteza 2, ondoka.

Kisha nyufa. Ufa huanzia kwenye tundu au mwisho wa mchomeleo, hasa nyuma tu ya kabini na kwenye kishikio cha nyuma cha springi ya mbele. Unaonekana kama mstari mwembamba wa kutu ya machungwa kwenye rangi. Lori lililokuwa na kreni nyuma ya kabini likague mara mbili hapo. Tena malori ya kreni na yenye ngazi za mafundi wa umeme husimama injini ikiunguruma kutwa nzima, na saa hizo haziingii kwenye kilomita.

Sasa maungio, ambayo huku kwetu ndiyo yanayoponza wengi. Canter na NPR nyingi zimekatwa chesi na kuungwa ili zibebe bodi ndefu, na nyingine zimefupishwa kuwa tipa. Mulika tochi ndani ya chuma cha chesi, si nje, maana nje hupigwa grainda na filla. Ndani fundi hajisumbui. Fuatilia safu ya matundu ya kiwandani: yakikatika mpangilio ghafla, pana kiungo. Pitisha sumaku, kwenye filla hainasi.

Kwa nini nakataa chesi iliyoungwa hata kama imeungwa vizuri? Chesi ya lori imeundwa ijipinde. Gurudumu moja likipanda jiwe, chuma chote hujinyonga kidogo kutoka mbele hadi nyuma, na nguvu hugawanyika. Ukichomelea kiraka, sehemu hiyo inakuwa ngumu, na mnyongo wote unakwenda kukusanyika pale kiraka kinapoishia. Barabarani lori hilo linaweza kufanya kazi miaka kumi. Kwenye makorongo, likiwa na boksi gumu mgongoni, linapasuka mwisho wa kiraka.

Mwisho, unyoofu. Egesha lori kwenye sakafu tambarare ya saruji, magurudumu yakitazama mbele. Shusha timazi kutoka pointi nne zinazofanana kushoto na kulia, kwa mfano pini za springi za mbele na za nyuma, na weka alama ya chaki sakafuni. Sogeza lori, pima pembe kwa pembe. Vipimo viwili vya msalaba vikitofautiana zaidi ya milimita 5, rudia. Vikibaki hivyo, chesi imehama, kwa ajali au kwa kuanguka mtaroni. Pima pia kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma, kushoto na kulia. Visipolingana, ekseli imesogea kwenye springi. Hiyo inarekebishika, lakini uliza ilisogezwa na nini.

Kosa linalofanya kipimo hiki kidanganye ni kuchukua pointi kwenye vitu vilivyofungwa baadaye, kama kishikio cha tangi au bampa. Chukua vya kiwandani tu. Na upepo usipeperushe timazi. Yadi za Mombasa zina upepo, kwa hiyo fanya asubuhi.

Hatua ya 5: Injini

Fika kabla haijawashwa na uiguse. Ikiwa na joto, rudi kesho. Ikishawaka, legeza kifuniko cha oili na ukilaze kichwa chini juu ya tundu. Kikitikisika kidogo ni kawaida. Kikirushwa, ringi zimekwisha. Kisha ipeleke mlimani. Kutoka Miritini pita Dongo Kundu hadi Kombani, kisha panda kwenda Kwale, gia ya tatu, bila kupumzika, ukitazama mshale wa joto. Barabara za kisiwani ni tambarare, hazitakuonyesha radieta iliyoziba.

Hatua ya 6: Fobaifo yenyewe

Jaribu mchangani, kamwe si kwenye lami. Kwanza hakikisha kuna gia nzito, ile ya ziada inayopunguza mwendo na kuongeza nguvu: baadhi ya fobaifo za Japani zilitengenezwa kwa theluji na hazina gia hiyo kabisa. Bila gia nzito utachoma klachi kwenye mteremko wa kwanza wa mawe. Ikiwepo, iingize na uone kama mwendo unapungua wazi kwa mlio uleule wa injini. Kata usukani hadi mwisho, sogea polepole, sikiliza mlio wa kugonga kwenye magurudumu ya mbele. Inua mbele kwa jeki, shika tairi juu na chini, utikise: mchezo hapo ni bearingi au kingipini, ile pini ambayo gurudumu la mbele huizunguka likikata kona.

Hatua ya 7: Tairi

Ng'oa mawazo ya tairi mbili mbili nyuma. Mchangani zinachimba njia mpya badala ya kufuata ya mbele, na jiwe likikwama katikati linatoboa zote mbili. Unapoweka moja moja, hesabu mzigo: ekseli ya nyuma ikibeba kilo 2,900, kila tairi linabeba 1,450, yaani namba ya mzigo 121 ubavuni, na si pungufu. Rimu ziwe za saizi inayopatikana. 7.50-16 huvaliwa pia na Land Cruiser, na hata miji midogo ya bara wanaiuza.

Hatua ya 8: Umeme na kabini

Mfumo ni volti 24, betri mbili. Usichomoe volti 12 kutoka betri moja. Itakufa mapema na kuiua mwenzake. Weka kibadilisha volti. Inua kabini hadi mwisho na upime inakofika, kwa sababu boksi lazima liache nafasi hiyo. Anayekuambia atatoboa njia ya kupita kutoka kabini hadi boksini, mwulize ataifungua vipi kila akitaka kugusa injini.

Hatua ya 9: Ukishanunua

Ondoa bodi ya zamani, osha chesi kwa maji yasiyo na chumvi, iache ikauke siku mbili juani, kisha ipulizie oili nzito ndani ya chuma. Ipeleke kwenye mizani ya kulipia ikiwa tupu: pima ekseli ya mbele peke yake, halafu lori zima, tofauti ni ekseli ya nyuma. Kujua boksi litaongeza ngapi nyuma, zidisha uzito wake kwa umbali wa kitovu cha uzito huo kutoka ekseli ya mbele, gawa kwa umbali wa ekseli hadi ekseli. Boksi la kilo 1,800 likiwa na kitovu mita 2.5 nyuma ya ekseli ya mbele, kwenye lori la mita 3.4 ekseli hadi ekseli, linaweka kama kilo 1,324 nyuma na 476 mbele. Tarakimu hizo ziandike kwa chaki kwenye chesi, fundi wa bodi azione kabla hajakata chuma cha kwanza.