Ukijitengenezea pawa saplai ya maiki ya valvu, usisahau rezista ya kumwaga chaji

Wakuu, hasa nyie mnaorekodi taarabu na kaswida majumbani hapa Tanga, hii maiki ya valvu (ile yenye taa ya kioo ndani ya kukuza sauti) haiendi na ile fantomu ya volti 48, yaani umeme ambao mikisa inaupeleka kwenye maiki kwa waya uleule wa sauti, inataka saplai yake yenye umeme wa juu, nyingi ziko kama volti 105 mpaka 200 hivi, na volti 6.3 za kuwasha filamenti, ule waya mwembamba wa kupasha moto valvu. Sasa ule umeme wa juu ukizima swichi hauondoki, unabaki kwenye kepasita (kile kifaa kinachohifadhi chaji), juzi nimechomoa plagi kabisa nikaweka mita nikakuta bado volti 90, hapo ungeshika ungejua! Dawa yake rahisi, funga rezista ya kilo-omu 220 ya nusu wati sambamba na kepasita ya mwisho, kama ni maikrofaradi 100 basi ndani ya dakika mbili hivi chaji imekwisha, ila bado pima kwanza ndo uguse.

Filamenti ipe DC (umeme wa mkondo mmoja) iliyochujwa vizuri, ukiipa AC (ule wa kupishana kama wa ukutani) utasikia mvumo chini ya sauti, na volti zake zipime valvu ikiwa imechomekwa maana bila mzigo mita inakudanganya, inasoma juu.

Na jamani, waya wa ethi (ule wa usalama unaokwenda ardhini) ufungwe kwenye boksi la chuma kwa skrubu, kwanza kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Usije ukaukata eti unaondoa mvumo, tafadhali sana.