Ukungu kwenye petridishi: je virusi vinasaidia?

Wadau wa maabara Arusha na Moshi, hasa nyie mnaokuza miche ya migomba kwenye chupa, hili swali la kuua ukungu kwenye petridishi (visahani vya kuoteshea) kwa virusi naliona sana. Faji mnazosikia, yaani virusi vya bakteria, zinaua bakteria tu, fangasi kama ukungu hazimgusi kabisa. Virusi vya fangasi vipo kweli, ila vingi havitoki nje ya seli, vinahama pale nyuzi za ukungu wa jamii moja zikiungana au vinapitia kwenye spora (vimbegu vya ukungu), kwa hiyo huwezi kuvipulizia tu ukategemea kitu. Ulaya wanatumia kirusi CHV1 kwa ugonjwa wa magome ya miti ya michesnati unaoletwa na ukungu, lakini hata huko wanapaka ukungu wenye kirusi kwenye kidonda cha mti, na wewe hutaki kuongeza ukungu kwenye kalcha (hicho unachokuza) jamani!

Fanya hivi. Petridishi ikiota ukungu usiifunue, ule unga wa kijani ni spora na zinasambaa chumba kizima, ifunge kwenye mfuko ipige otoklevu (chungu cha mvuke wa presha) nyuzi 121 angalau nusu saa ndo utupe. Meza ifute na jiki, kipimo kimoja kwa maji tisa, iache dakika 10, spiriti peke yake haiui spora vizuri. Unakuza bakteria? Weka nistatini (dawa ya fangasi), haiwadhuru, ila subiri aga (ile jeli ya kuoteshea) ipoe mpaka kama nyuzi 50. Na masika haya kagua vizibo vya pamba, kikilowa tu badilisha, ukungu unapenya humohumo.