Ukihisi binti wa sekondari ana mimba, fanya hivi kabla hajakimbilia kuitoa

Wazazi na walezi wenzangu wa Iringa, Mbeya na Njombe, kamwene. Naandika hii kwa sababu mabinti wetu wanaumia, na mara nyingi kinachowasukuma kutoa mimba kwa siri ni kutuogopa sisi nyumbani.

Anza kwa kumwangalia anavyoishi. Shule nyingi za kata huku ziko mbali, milima na mvua na baridi, kwahiyo binti wa miaka 15 anapangishiwa geto karibu na shule, jumapili anabeba unga na maharage, ikifika alhamisi vimeisha, hapo ndo bodaboda anatokea na lifti na chipsi na hela ya pedi. Mimba ikiingia yule jamaa anamwambia "itoe, hela ntakupa", na rafiki yake naye anamjua mtu wa vidonge. Ukiongeza hofu ya kufukuzwa shule na baba aliyeapa kwamba atamkata mguu, mtoto anaona hana pa kupita.

Sasa ukiona amenyamaza, anatapika asubuhi, pedi hazitumiki, usimpige! Najua inauma, umeuza viazi upate sare na michango, lakini fimbo ya siku hiyo ndo inampeleka vichochoroni. Mtume shangazi yake au mama mdogo anayemwamini, wakae wawili jikoni, aulizwe taratibu "siku zako umeziona lini mara ya mwisho?" afu asubiri ajibu, hata kama ni baada ya kulia nusu saa. Kipimo cha mkojo kipo duka la dawa, mkojo wa asubuhi ndo mzuri.

Kama ni juzi tu amelala na mtu au amebakwa, wahi kituo cha afya siku hiyohiyo. P2, yaani vidonge vya dharura, inazuia mimba ukiwahi, ndani ya saa 72 ni bora zaidi na mwisho ni siku 5, ila haitoi mimba ambayo imeshaingia. Dawa za kuzuia VVU nazo mwisho saa 72.

Mimba ikiwepo mwambie ukweli wote. Sheria yetu inakataza kutoa mimba isipokuwa kuokoa maisha ya mama, ndo maana wanaofanya kwa siri wanatumia mitishamba, vijiti, na dozi za kubahatisha. Na kama ameshafanya, yaani ukikuta damu inalowesha pedi mbili ndani ya saa moja, homa, tumbo linamkata, uchafu unanuka au amezimia, acha maswali yote, tafuta usafiri hata usiku wa manane umpeleke hospitali. Huduma ya mimba iliyoharibika ipo na ni haki yake. Mwambie nesi kila alichomeza au alichowekewa bila kuficha, maana wanaochelewa kwa aibu ndo wanapoteza kizazi au maisha.

Akibaki na mimba aanze kliniki mapema kabla ya wiki 12, wasichana wadogo kifafa cha mimba kinawapata zaidi, presha ipimwe kila hudhurio. Mwanaume asikuhonge mbuzi mkayamaliza kifamilia, kulala na binti chini ya miaka 18 kisheria ni ubakaji, na kumpa mwanafunzi mimba ni kifungo cha miaka 30. Nenda dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Na shule haijaisha. Tarehe 24 Novemba 2021 wizara ya elimu ilitangaza kwamba waliokatishwa masomo kwa mimba wanaruhusiwa kurudi, mwambie hilo siku ileile ya kwanza jikoni, akisikia anapumua. Nenda mwenyewe kwa mkuu wa shule, kama wenzake watamcheka omba uhamisho, na mkubaliane mapema nyumbani nani atabaki na mtoto asubuhi, bibi au mama mdogo, ili binti awahi namba shuleni.