Somo: Vyombo vya divai na siki visiote ukungu

Wiki hii pekee nimeulizwa mara nne: "Ndoo yangu ina ukungu, nifanyeje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Somo ni hili, kwa sisi tunaotengeneza divai ya maembe na siki ya tembo la mnazi hapa Malindi, ambako masika yakiingia hata mkanda wa ngozi kabatini huota ukungu.

1. Fungua kila kinachofunguka: bomba, mpira wa kifuniko, vali ya hewa.

2. Suuza papo hapo baada ya kumimina. Mashapo yakikauka utajuta.

3. Loweka ndoo na chupa usiku kucha kwa maji ya uvuguvugu na magadi, kijiko kikubwa kwa lita 4.

4. Sugua kwa kitambaa laini. Waya wa sufuria weka mbali. Ukungu hujificha kwenye mikwaruzo.

5. Jik (dawa ya klorini ya kung'arishia nguo): kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4 za maji baridi, dakika 20, kisha suuza mpaka harufu iishe. Chombo kiwe kimeshaoshwa, maana uchafu huimaliza nguvu Jik. USICHANGANYE NA SIKI, inatoa gesi ya klorini. Sufuria ya stenlesi usiiloweke humo, itatoboka vijishimo.

6. Kukausha. Hapa ndipo nilipoumia. Mwaka wa kwanza niliosha, nikatia Jik, nikajiona fundi. Nikakaza vifuniko vumbi lisiingie, mpira wa kunyonyea divai kutoka ndoo hadi chupa nikauviringisha, vyote nikavisukuma chini ya ngazi. Ilikuwa Aprili. Novemba maembe yalipoanza kuiva nikafungua ndoo: manyoya ya kijivu mpaka kwenye bomba, na ndani ya mpira vidoa vyeusi kama mbegu za papai. Jik ilikuwa imefanya kazi yake, ila nilifungia maji ndani, na chembe za ukungu ziko hewani kila siku. Siku hizi napindua ndoo juu ya vijiti viwili hewa ipite, siku tatu nzima. Mpira nauzungusha kwa nguvu maji yaruke, halafu nautundika msumarini ncha zote mbili zikiangalia chini. Jua la asubuhi linatosha. Ukiacha plastiki juani wiki nzima itapasuka.

Mpira wenye ukungu ndani usijaribu kuuokoa. Tupa.

7. Hifadhi mdomo wazi, umefungwa kipande cha leso kuukuu kwa uzi tu. Juu ya kabati, mbali na ukuta wa matumbawe, maana ule hunywa unyevu.

MASWALI

Kijana wa Maweni: Mkuu, Jik natia kiasi gani?

Jibu: Hatua ya 5.

Kijana wa Maweni: Sawa. Nikiongeza siki kidogo si itaua haraka zaidi?

Jibu: Hatua hiyo hiyo, kwa herufi kubwa. Utakachoua ni mapafu yako.

Mama wa Ganda: Mwalimu, divai yangu ina harufu ya dawa ya hospitali, na vyombo niliosha vizuri. Kwa nini?

Jibu: Ahsante mama kwa kuuliza sababu. Klorini ya Jik iliyobaki hukutana na fenoli, kemikali za asili zilizomo kwenye matunda, ikatoka harufu hiyo, na kiasi kidogo mno hutosha kusikika. Maji ya mfereji nayo yana klorini. Suuza ya mwisho tumia maji yaliyochemshwa yakapoa. Divai hiyo, pole, haiponi.

Baba Kadzo: Magadi yako yameniharibia sufuria ya alumini, imekuwa nyeusi!

Jibu: Magadi yangu? Nimeandika ndoo na chupa, sufuria umeitia mwenyewe.

Mama wa Ganda: Baba Kadzo, chemsha maji na maganda ya ndimu humo, weusi utatoka.

Mgeni wa Lamu: Siki yangu ina utando mweupe juu. Nimwage?

Jibu: Usimwage kwanza! Ukiwa laini, unateleza kama nyama ya dafu, huyo ni mama wa siki, ndiye anayegeuza tembo kuwa siki, mtunze, mtie kwenye siki ijayo. Ukiwa na manyoya, au rangi ya kijani au nyeusi, mwaga yote.

Mgeni wa Lamu: Kama nyama ya dafu hasa. Na kibuyu cha babu, nacho nikitie Jik?

Jibu: Hapana, kibuyu hunywa dawa kikakurudishia kwenye tembo. Maji ya moto, tikisa na mchanga safi, suuza, kipindue juani. Kikinuka bado, kitundike sebuleni.